Wa Juu Asijitafute

Usiku wa tarehe 19 Februari 2024 huko Marekani, wakati huku Dar es Salaam majogoo wa tarehe 20 wameanza kuwika, vijana wawili wa Kitanzania walitangazwa washindi wa shindano la televisheni la America's Got Talent: Fantasy League. Fadhili Ramadhani na Ibrahim Jobu, wanaofahamika kwa jina la Ramadhani Brothers, wakaondoka na zawadi ya dola 250,000. Video yao ikaingia kwenye simu za watu kuanzia Mbagala hadi Bunju, na kila ilipofika ilizua swali lile lile: hawa wametokea wapi?

Swali hilo liliulizwa kwa mshangao, kana kwamba vijana wale wameota usiku mmoja kama uyoga. Nimekaa nalo muda mrefu. Naona linastahili kujibiwa taratibu, kwa sababu jibu lake limepita China, limepita kumbi za Kinondoni na viwanja vya mchanga vya Temeke, na limechukua karibu miaka 60 kufika kwenye jukwaa lile.

Lakini kwanza tazama wanachokifanya. Mmoja amesimama wima. Mwenzake amesimama juu yake, kichwa kwa kichwa, miguu ikielekea juu, mikono imeachia. Kisha wa chini anaanza kusogea. Mtazamaji humwangalia wa juu, maana ndiye aliye hatarini machoni petu. Anayejua kazi humwangalia wa chini. Kanuni ya kazi hii ni kwamba wa juu asijitafute. Yeye anatakiwa kukaza mwili uwe kitu kimoja kama nguzo, atulie, amwamini mwenzake. Mwenye jukumu la kutafuta mizani ni wa chini. Uzito ukielemea kulia, wa chini anaufuata kulia hadi arudi chini yake. Ukielemea mbele, anaufuata mbele. Wakijitafuta wote wawili, kila mmoja anasahihisha kosa ambalo mwenzake ameshalisahihisha, na hapo ndipo wanapoanguka.

Wengi wa wanaofanya mchezo wa kichwa kwa kichwa huweka katikati ya vichwa pete ndogo ya kitambaa kilichosokotwa. Mama yeyote wa Tandika aliyewahi kubeba ndoo kutoka bombani akiiona ataitambua mara moja: ni kata. Shingo zetu zilikuwa zinajua kazi hiyo kabla hatujaona sarakasi yoyote ya kigeni.

Neno sarakasi lenyewe ni mgeni aliyekuja na meli. Linatokana na lile la sirkasi ya Wazungu, likapitia midomo ya watu wa Bahari ya Hindi hadi likapata irabu zake za Kiswahili. Kitu chenyewe, yaani mwili kufanya mbele ya watu jambo ambalo mwili hautarajiwi kulifanya, kilikuwapo siku zote. Wasukuma wamekuwa wakicheza bugobogobo huku majembe yakirushwa hewani na kudakwa kwa mdundo wa ngoma. Wamakonde wana wachezaji wanaosimama juu ya magongo marefu kiasi cha kuwachungulia watu kwenye mapaa. Kilichokosekana ni mtu wa kuyaita mambo hayo fani, akaipa fani hiyo walimu, mshahara na jengo.

Mtu huyo akawa serikali. Tarehe 10 Desemba 1962, siku moja baada ya Tanganyika kuwa Jamhuri, Mwalimu Nyerere alitangaza kwenye hotuba yake ya kwanza ya urais kuundwa kwa wizara mpya ya utamaduni wa taifa na vijana. Wakoloni walikuwa wamewafundisha watu wetu kuona aibu kwa ngoma zao wenyewe, na yeye alitaka aibu hiyo iondoke. Muda mfupi baadaye kikaundwa kikundi cha taifa cha ngoma. Kisha zikaja safari za China: Februari 1965 Mwalimu alikwenda Beijing, na Juni mwaka huo huo Waziri Mkuu Zhou Enlai akaja Dar es Salaam. Matunda ya urafiki huo tunayaona hadi leo kwa macho. Kiwanda cha nguo cha Urafiki kilifunguliwa mwaka 1968 kando ya Barabara ya Morogoro, na reli ya TAZARA, iliyokabidhiwa mwaka 1976, stesheni yake kuu ipo pale tunapoagana na mjini kuelekea Uwanja wa Ndege.

Tunda moja halikuwa la saruji wala la chuma, ndiyo maana limesahaulika. Katikati ya miaka hiyo ya 1960 kundi la vijana wa Kitanzania lilipelekwa China kujifunza sarakasi. Hebu fikiria safari hiyo. Kijana anaondoka katika nchi ambayo haijatimiza hata miaka kumi ya uhuru, anafika mahali ambapo sarakasi ina mamia ya miaka, ina ukoo wa walimu, ina kanuni kali kuliko jeshi. Huko mtoto husimamishwa kwa mikono ukutani dakika baada ya dakika hadi mabega yanatetemeka, halafu anaambiwa aanze upya. Anajifunza kuzungusha sahani juu ya vijiti, kupanga viti kimoja juu ya kingine na kusimama kileleni kwa mkono mmoja, kupita ndani ya pete bila kuigusa, kuendesha baiskeli ya tairi moja. Mwaka 1966 China yenyewe iliingia kwenye Mapinduzi ya Utamaduni, nchi ikatikisika, na mafunzo ya vijana wetu yakapita katikati ya tikisiko hilo.

Mwaka 1969 kikaundwa Kikundi cha Taifa cha Sarakasi. Mwaka 1974 kikafuata cha maigizo. Kwa muda wa miaka kumi hivi mwanasarakasi wa Tanzania alikuwa mtumishi wa umma. Alikwenda kazini asubuhi kama karani, alilipwa mwisho wa mwezi, na kazi yake ilikuwa kupinda mgongo na kubeba wenzake mabegani mbele ya wageni wa taifa na mbele ya wakulima mikoani.

Hapa nataka kuwavuta wasomaji hadi Bulgaria, nchi ndogo ya Ulaya Mashariki ambayo wengi wetu tunaijua kwa kuisikia tu. Katika miaka hiyo hiyo nayo ilikuwa inawachukua wasichana wadogo na kuwalea kwa ajili ya jimnastiki ya mdundo, ile ya utepe, mpira, pete na virungu. Kocha wao mashuhuri, Neshka Robeva, aliiongoza timu ya taifa kuanzia mwaka 1974 hadi 1999. Mchezo wao wa kikundi una wasichana watano uwanjani kwa pamoja. Watano wanarusha na kudakiana, na mmoja akichelewa nukta moja, alama za wote zinaondoka. Ukiwauliza wapenzi wa mchezo huo watakutajia nchi kwanza, kikundi baadaye, na majina ya wasichana mwisho, kama wanayakumbuka. Msichana wa kikundi anaishi maisha yake yote ya mchezo akiwa sehemu ya mwili mkubwa kuliko wake.

Mwanasarakasi wetu wa mwaka 1969 alikuwa mtu wa aina hiyo. Tofauti ilikuja baadaye. Ujamaa ulipoanguka Bulgaria, mfumo wa kulea wasichana wale uliyumba lakini haukukatika. Mchezo wa kikundi ulipoingia Olimpiki mwaka 1996 walipata fedha. Wakapata shaba mwaka 2004 na tena 2016. Na tarehe 8 Agosti 2021 huko Tokyo, Simona Dyankova, Stefani Kiryakova, Madlen Radukanova, Laura Traets na Erika Zafirova wakatwaa dhahabu, medali ambayo Warusi walikuwa wameishika tangu mwaka 2000. Mwalimu alimfundisha mwanafunzi, mwanafunzi akawa mwalimu, na ukumbi ukabaki mahali pake. Kwetu ukumbi ndio ulioondoka.

Hatukuwa na jimnastiki ya Olimpiki, lakini tulikuwa na halaiki. Kila aliyesoma shule za Dar es Salaam katika miaka ya chama kimoja anajua maana yake: wiki nyingi za mazoezi juani, filimbi, mistari ya chokaa, kisha siku ya sherehe mamia ya watoto wanaingia Uwanja wa Taifa wa zamani, ule tunaouita sasa Uwanja wa Uhuru, pale Temeke, ambako bendera ya Tanganyika ilipandishwa Desemba 1961. Wanajipanga, wanainama, wanainuka, miili inaandika maneno ambayo mtoto mwenyewe hawezi kuyasoma kwa kuwa yuko ndani yake. Zanzibar halaiki ilikuwa, na imebaki, fahari ya sherehe za Mapinduzi katika Uwanja wa Amaan. Naamini halaiki iliwafundisha watoto wengi wa uswahilini jambo ambalo hakuna darasa lingewafundisha: kuhesabu mdundo kimoyomoyo na kumsubiri mwenzako.

Miaka ya 1970 ilipokuwa inaelekea ukingoni, nchi iliishiwa. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika mwaka 1977. Vita vya Kagera vikaja mwaka 1978 na 1979, bei ya mafuta ikapanda, maduka yakabaki na rafu tupu. Serikali iliyokuwa inapanga foleni ya sukari haikuona tena sababu ya kulipa mshahara wa mtu anayezungusha sahani. Vikundi vya taifa vikavunjwa. Mwaka 1981 Chuo cha Sanaa kikaanza Bagamoyo, na wasanii wa vikundi vile wakawa chimbuko la walimu wake. Chuo hicho ndicho kilichokuja kuwa TaSUBa mwaka 2007. Lilikuwa jambo jema, wala silidharau. Vizazi vya wasanii vimepita pale. Ila kwa mtoto wa Mtoni au Mwananyamala, Bagamoyo ilikuwa safari ya kutwa nzima kwa barabara ya wakati ule, na chuo hakipokei mtoto wa miaka minane. Sarakasi huanzia kwenye miaka minane.

Sasa inaanza sehemu ya historia hii ambayo ndiyo mimi naipenda zaidi, kwa sababu haina waziri wala hotuba.

Serikali ilipoachia, jiji lilishika. Mashirika ya umma na majeshi yalikuwa na vikundi vyao vya utamaduni: JKT, JWTZ, Magereza, na DDC Kibisa ya Shirika la Maendeleo la Dar es Salaam. Watu binafsi nao wakaingia. Mwaka 1980 Norbert Chenga alianzisha Muungano Cultural Troupe, kikundi kilichokuja kuwa jina la nyumbani. Baadaye kukawa na Mandela, na mwaka 1992, nchi ilipoingia vyama vingi, Chama cha Mapinduzi kikaanzisha Tanzania One Theatre, TOT, chini ya Kapteni John Komba. Hivi vilikuwa vikundi vya kila kitu. Onyesho moja lilikuwa na ngoma, sarakasi, vichekesho, igizo refu, na taarabu ya kufungia.

Wapi? Huku huku kwetu. Katika kumbi za baa za Manzese, Buguruni, Temeke na Vingunguti, na katika Vijana Social Hall ya Kinondoni. Kiingilio kilikuwa cha mtu wa kawaida. Akina mama walikuja na watoto, watoto waliokosa kiingilio walichungulia kwenye matundu ya ukuta. Lazima tukumbuke kwamba Tanzania Bara haikuwa na televisheni hadi mwaka 1994. Zanzibar ilikuwa nayo tangu miaka ya 1970, ila huku Bara familia iliyotaka kuona kitu jioni ya Jumapili ilikuwa na redio, mpira, sinema, au Muungano. Kwa hiyo kwa miaka kumi na kitu mtoto wa Temeke alimwona mwanasarakasi kwa macho yake mara nyingi kuliko mtoto wa London. Akatoka hapo, akaenda kujaribu kwenye mchanga nyuma ya nyumba yao.

Katika kikundi cha namna hiyo mwanasarakasi alikuwa na nafasi ya ajabu. Alikuwa wa lazima, lakini hakuwa mkubwa. Watu walikuja na majina midomoni, na majina hayo yalikuwa ya waimbaji. Khadija Kopa akihama kutoka TOT kwenda Muungano, au akirudi, jiji zima lilikuwa na habari. Nasma Khamis akijibu wimbo kwa wimbo, watu waligawanyika mitaani kama Simba na Yanga. Mwanasarakasi akihama, nani alijua? Na kulikuwa na jambo la fedha lililoumiza zaidi. Mwimbaji wa taarabu hutunzwa: shabiki anainuka, anacheza hadi jukwaani, anabandika noti kwenye paji la uso au anaiweka mkononi. Mtu aliyesimama kwa mikono juu ya mabega ya mwenzake hana mkono wa kupokea. Ukimsogelea unaweza kumwangusha. Watu walimpigia makofi, naye akashuka na makofi yake.

Kisha kila fani ikapata chombo cha kuibeba, isipokuwa sarakasi. Taarabu ilikuwa na kaseti. Kaseti iliingia kwenye daladala, kwenye saluni, kwenye harusi. Maigizo na vichekesho vilipata televisheni ilipokuja, watu wakaanza kukaa nyumbani kuliangalia kundi la maigizo la Kaole badala ya kwenda ukumbini, na baadaye zikaja filamu zetu za mkanda na sidii. Ngoma zilikuwa na mialiko ya serikali na kampeni. Sarakasi haiingii kwenye kaseti. Kwenye kioo kidogo cha miaka ile ilionekana ndogo, haina harufu ya jasho wala ule ukimya wa watu mia tatu walioshika pumzi. Ilipofika miaka ya 2000, kumbi zile zikawa za muziki wa dansi, bongo fleva na mpira wa Ulaya. Mwanasarakasi akakosa hata ile nafasi ya katikati ya onyesho.

Kwa mahesabu ya kawaida, fani ingekufa hapo. Haikufa, na sababu yake ni tairi.

Ukipita jioni kwenye viwanja vya uswahilini, upande wa Temeke au wa Manzese na Tandale, utakuta tairi la lori lililozikwa nusu kwenye mchanga. Mtoto anakuja mbio kutoka mbali, anakanyaga tairi, tairi linamrusha, anapiga samasoti hewani na kutua. Wa pili yuko nyuma yake, wa tatu nyuma ya wa pili. Hakuna godoro. Mchanga ndio godoro, na kama mvua imenyesha mchanga ni mgumu. Mwalimu ni kijana wa miaka 20 na kitu ambaye naye alifundishwa hapo hapo. Ukimfuatilia mwalimu wa mwalimu wake, mara nyingi utaishia kwa mtu aliyewahi kupitia kikundi cha utamaduni cha miaka ya 1980 au 1990, na huyo naye alijifunza kwa mtu aliyejifunza kwa wale wa China. Ndivyo mchezo wa viti uliovuka bahari miaka ya 1960 unavyoonekana leo ukifanywa na mtoto wa Keko kwa viti vya plastiki vya kukodi harusini.

Baadhi ya watu wakaupa mlolongo huu paa. Upande wa Kinondoni kituo cha Babawatoto kikawafundisha watoto wa mitaani na wa majumbani sarakasi pamoja na maigizo. Mwaka 2003 Mzimbabwe Winston Ruddle, mwanasarakasi aliyekwisha kuzunguka majukwaa ya Ulaya, alifungua shule ya sarakasi hapa Dar es Salaam, na vijana wake wakaingia kwenye onyesho la Mother Africa lililozunguka Ulaya na Australia. Naliona jambo la Ruddle kuwa kubwa kuliko linavyosimuliwa. Mgeni kutoka Zimbabwe alikuja, akaona kwenye mchanga wetu hazina ambayo sisi tulikuwa tunaikanyaga, akaitafutia soko. Jirani zetu nao hawakulala. Nairobi walianzisha Sarakasi Trust mwaka 2001, na wakageuza jumba la sinema la zamani la Shan, pale Ngara, kuwa ukumbi wao wa mazoezi na maonyesho.

Basi kazi ya maisha ya mwanasarakasi wa Dar es Salaam ikapata sura mpya, na sura hiyo ndiyo ya leo. Anaanza na tairi. Akifika miaka 13 au 14 anaingia kikundi, na kikundi kikiwa makini kinajisajili Baraza la Sanaa la Taifa, BASATA, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1984. Anafanya Sabasaba kwenye viwanja vya Barabara ya Kilwa, anafanya harusi na uzinduzi wa bidhaa, anafanya hoteli za ufukweni Kunduchi na Zanzibar, ambako watalii wanakula chakula cha usiku huku yeye anapita chini ya fimbo inayowaka moto. Kila hatua anatafuta jambo moja: mkataba wa nje. Wakipata, wanakwenda miezi sita au zaidi, wanaishi chumba kimoja, wanafanya maonyesho kila siku na siku nyingine mara mbili. Fedha inarudi nyumbani inakuwa kiwanja Chanika au Kongowe, inakuwa bodaboda ya mdogo wake, ada ya shule.

Ikifika miaka 30 mgongo unaanza kudai. Wa chini ndiye anayedaiwa kwanza. Yeye amebeba watu wawili, watatu, wanne, tangu akiwa kijana, na viungo vya shingo na magoti havirudishi vilichopoteza. Mcheza mpira akiumia ana daktari wa klabu na habari yake inasomwa redioni. Mwanasarakasi akianguka mazoezini mara nyingi huchukuliwa na wenzake kwa bajaji, na gharama huchangwa papo hapo. Kwa wasichana njia ni fupi zaidi. Wanaanza wakiwa na viungo laini kuliko kaka zao, lakini anapovunja ungo wazazi wengi humtoa, kwa sababu ya mavazi, kwa sababu ya maneno ya majirani, kwa sababu ya mikono ya wavulana inayombeba. Bulgaria iliijenga fani yake juu ya wasichana. Sisi tumewapoteza wakiwa na miaka 12. Nalisema hili bila kumlaumu mzazi yeyote. Kikundi chenye mwalimu wa kike, mahali pa kubadilishia nguo na ratiba inayoisha kabla ya giza kingewabakiza wengi, na hayo si mambo ya fedha nyingi.

Ramadhani Brothers wametoka katika dunia hiyo, na walichagua mchezo mgumu kuliko karibu yote. Kichwa kwa kichwa ulikuwa umeshapata mabingwa wake: ndugu wawili wa Kivietinamu, Giang Quốc Cơ na Giang Quốc Nghiệp, Desemba 2016 walipanda ngazi 90 za kanisa kuu la Girona, Hispania, wakiwa hivyo, na kuingia katika vitabu vya rekodi za dunia. Kuingia kwenye uwanja wa watu hao ukitokea mahali ambapo hakuna mkufunzi wa mchezo huo, hakuna kamba ya usalama wala daktari wa mgongo, kunahitaji moyo wa namna ya pekee. Mwaka 2022 walionekana kwenye shindano la Australia. Mwaka 2023 wakaingia America's Got Talent, msimu wa 18, wakafika fainali. Ushindi ukaenda kwa Mwitaliano Adrian Stoica na mbwa wake Hurricane. Wengine wangeona hapo ndipo mwisho wa safari. Miezi michache baadaye wakaitwa kwenye Fantasy League, shindano la waliowahi kung'ara miaka iliyopita, ambalo ndani yake walikuwamo V.Unbeatable, kikundi cha vijana wa Mumbai kilichotwaa taji la mabingwa mwaka 2020. Vijana wetu wakawapita wote.

Simu ndiyo iliyolipa deni la kaseti. Sarakasi haikuweza kusikilizwa, ila video ya dakika mbili inaibeba vizuri kuliko wimbo. Mtoto wa tairi leo anaweza kumwona bingwa wa Vietnam au wa Mongolia akiwa amekaa kibarazani, akairudia video mara 50, akajua mguu ulikaa wapi. Hicho ndicho chuo kikuu kipya cha fani hii.

Ushindi ule ulipokelewa kwa pongezi nyingi, na walistahili zote. Kinachonikera ni kwamba katika kupongeza tuliruka moja kwa moja kutoka vijana wawili hadi bendera ya taifa, tukawaacha wote waliosimama katikati. Tuliwaacha waliorudi kutoka China. Tuliwaacha waliofanya kazi Muungano, Mandela na TOT kwa ujira wa nauli. Tuliwaacha walimu wa mchanga ambao hata sasa, jioni hii, wanahesabu moja, mbili, tatu, huku mkono umewekwa chini ya mgongo wa mtoto anayejifunza kubinuka. Kama serikali inataka kuisaidia fani hii, isianze na jengo la kifahari. Ianze na magodoro, bima ya afya kwa vikundi vilivyosajiliwa, na saa mbili za jioni kwenye ukumbi mmoja wa kila wilaya, Kinondoni, Ubungo, Ilala, Temeke na Kigamboni.

Kuna kazi nyingine ambayo haihitaji bajeti ya mtu yeyote, nayo naiomba kwako msomaji. Vijana waliopanda ndege kwenda China katikati ya miaka ya 1960, leo aliye hai kati yao amekaribia miaka 80. Huenda ni babu yako, huenda ni yule mzee jirani wa Chang'ombe au Magomeni anayetembea ameinyoosha shingo kuliko umri wake. Nenda kaketi naye. Muulize alifundishwa na nani, alimbeba nani, na nani alimbeba. Andika majina hayo yote, na andika na mwaka.